Mali bila Daftari: Mafuta ya Iraki na Ngano ya Basotu

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Basotu, wilayani Hanang)



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huichukua methali hiyo kuwa ni onyo kwa mwenye duka anayekopesha bila kuandika. Lakini iko mali kubwa kuliko ya duka, nayo ni mali ya taifa zima. Mali hiyo nayo hupotea bila habari pale daftari linaposhikwa na mtu asiyewajibika kwa mwenye mali. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo, na mfano wake mkubwa ni mafuta ya Iraki chini ya majeshi ya kigeni.

Huenda mtu akauliza: Basotu na Iraki, wapi na wapi? Hapa hapana kisima cha mafuta. Pana ziwa, pana mlima Hanang, pana tambarare za ngano. Hata hivyo tambarare hizo zililimwa kwa miaka mingi na mitambo iliyotoka ng'ambo, ikinywa dizeli iliyotoka ng'ambo, kwa mpango uliochorwa kwa sehemu kubwa na wataalamu kutoka ng'ambo. Aidha, njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga imepangwa kupita katika wilaya hii hii ya Hanang. Kwa hiyo habari za mafuta na wageni si hadithi ya mbali kwa watu wa Basotu.

Tuanze na Iraki. Katika mkutano wa San Remo wa mwaka 1920, Uingereza na Ufaransa ziligawana usimamizi wa nchi zilizokuwa chini ya Waturuki. Iraki ikaangukia mikononi mwa Uingereza. Mkutano huo ulikubali kwamba wenyeji wangeweza kupewa hadi asilimia 20 ya hisa za mafuta. Mkataba uliotiwa saini mwaka 1925, nchi ikiwa bado chini ya usimamizi wa Uingereza, haukuwapa wenyeji hata hisa moja. Mwaka 1927 mafuta yalifoka kwa wingi huko Baba Gurgur, karibu na Kirkuk, na mwaka uliofuata wakubwa wakamaliza mgawanyo wao. Kampuni ya Anglo-Persian ya Uingereza ilipata asilimia 23.75. Shell wakapata 23.75. Wafaransa wakapata 23.75. Kundi la kampuni za Marekani likapata 23.75. Asilimia 5 iliyobaki akapewa mtu mmoja, mfanyabiashara Calouste Gulbenkian.

Mwalimu wa hesabu na ajumlishe. Nne mara 23.75 ni 95. Ongeza 5, inakuwa 100. Mtu mmoja alipata sehemu ya ishirini ya mafuta yale, na taifa lenye ardhi halikupata hisa yoyote. Liliachiwa ushuru wa shilingi nne za dhahabu kwa kila tani. Mbaya zaidi, kiasi cha kuchimba na wakati wa kuchimba viliamuliwa na kampuni. Kampuni hizo zilikuwa na visima katika nchi nyingine pia, na mara nyingi ziliona heri mafuta ya Iraki yabaki ardhini kuliko kushusha bei ya mafuta yao ya kwingineko. Mwaka 1961 Sheria Namba 80 ilirudisha kwa taifa asilimia 99.5 ya eneo ambalo kampuni zilikuwa zimelishika. Tarehe 1 Juni 1972 kampuni yenyewe ikataifishwa.

Haifai kusema kwamba tangu siku hiyo mambo yote yakawa mema. Utawala wa Saddam Hussein uliiteketeza mali hiyo katika vita dhidi ya Irani kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, kisha katika uvamizi wa Kuwaiti mwaka 1990, na vikwazo vilivyofuata vikawaumiza wananchi wa kawaida. Lakini dhuluma ya mtawala wa ndani haimpi mvamizi wa nje hati ya kumiliki. Mwizi wa kwanza hamhalalishi mwizi wa pili.

Machi 2003 majeshi yaliyoongozwa na Marekani na Uingereza yaliivamia Iraki. Baghdad ilipoanguka mwezi wa Aprili, ofisi za serikali ziliporwa moja baada ya nyingine, na Makumbusho ya Taifa yakavunjwa na kuibiwa. Wizara ya Mafuta ililindwa na askari. Kitendo hicho kiliwaeleza Wairaki mengi kuliko hotuba zote zilizotolewa wakati ule.

Nchi ikawekwa chini ya Mamlaka ya Muda ya wavamizi, iliyoongozwa na Mmarekani Paul Bremer. Tarehe 22 Mei 2003, kwa azimio namba 1483, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliagiza kwamba mapato ya mafuta ya Iraki, baada ya kutoa asilimia 5 ya fidia, yawekwe katika Mfuko wa Maendeleo ya Iraki, na yatumike kwa uwazi kwa faida ya watu wa Iraki. Akaunti ya mfuko huo iliwekwa katika benki kuu ya Marekani tawi la New York, na mwenye kutia saini ya kutoa fedha alikuwa ni Mamlaka ya wavamizi. Msomaji wa azimio hilo angeweza kuridhika. Msomaji wa leja hakuridhika kabisa.

Kwanza ni mafuta yenyewe. Azimio liliunda bodi ya kimataifa ya ushauri na usimamizi, na mwaka 2004 bodi hiyo ililalamika kwamba mafuta ya Iraki hayakuwa yakipimwa kwa mita. Mafuta yalipakiwa melini huko kusini na kiasi chake kikakadiriwa bila kipimo cha kuaminika. Mwenye duka la mafuta ya taa hapa Basotu hauzi bila kibaba. Nchi yenye akiba ya mafuta inayohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani iliuziwa mafuta yake bila kipimo.

Pili ni fedha. Kati ya Mei 2003 na Juni 2004, karibu dola bilioni 12 za noti zilisafirishwa kwa ndege kutoka New York hadi Baghdad. Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza jambo hilo mwaka 2007 ilieleza kwamba noti hizo zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 360. Januari 2005 mkaguzi maalumu aliyewekwa na Marekani yenyewe alitoa taarifa kwamba Mamlaka ile haikuwa na udhibiti wa kutosha juu ya dola bilioni 8.8 zilizopelekwa katika wizara za Iraki. Alitoa mfano ambao kila mtumishi wa umma wa Tanzania ataufahamu bila kuelezwa: katika wizara moja walilipwa mishahara walinzi 8,206, lakini waliothibitishwa kuwapo walikuwa 602 tu. Watumishi hewa! Ugonjwa huu wageni hawakuuzua, lakini waliokuja wakitangaza kwamba wanaleta utawala bora waliulipia fedha taslimu.

Tatu ni mafuta ya kutumia nyumbani. Visima vilikuwapo, lakini viwanda vya kusafishia mafuta vilikuwa vimechakaa, umeme ulikatika, mabomba yakalipuliwa. Basi nchi yenye bahari ya mafuta chini ya ardhi ikawa inaagiza petroli kutoka nje. Magari yalipanga foleni kwa saa nyingi mjini Baghdad, na Agosti 2003 wananchi wa Basra waliingia mitaani kwa hasira ya kukosa mafuta na umeme. Kazi ya kuleta petroli kutoka Kuwaiti ilipewa kampuni ya Kimarekani ya KBR, tawi la Halliburton, chini ya mkataba uliotolewa bila ushindani wa zabuni. Desemba 2003 wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani walisema kwamba huenda serikali ilitozwa kiasi cha dola milioni 61 kupita kiasi kwa petroli hiyo. Sehemu kubwa ya malipo ilitoka katika mfuko wa mapato ya mafuta ya Iraki. Maana yake ni kwamba Mwiraki aliuza mafuta ghafi bila mita, kisha fedha aliyopata ikanunua petroli ya jirani kwa bei ambayo hakushauriwa.

Nne ni kazi ya ufundi. Katika vita, ndege za Marekani zilipiga daraja la Al-Fatah juu ya mto Tigris, na mabomba yaliyopeleka mafuta ya Kirkuk kwenye kiwanda cha Baiji yakakatika. Iliamuliwa kuchimba chini ya mto na kupitisha mabomba humo. Wataalamu wa miamba walikuwa wameonya kwamba ardhi ya hapo haikufaa kwa njia hiyo. Onyo halikusikilizwa. Mashine zilikwama katika changarawe, mashimo yakafukia, na dola zaidi ya milioni 75 zilizotengwa kwa kazi hiyo zikaisha bila mabomba kupita. Wakati huo huo mafuta ambayo yangesafirishwa yalikuwa yamesimama.

Ndugu walimu na watumishi, wapo wasemao kwamba haya yalikuwa makosa ya haraka na ya vita. Vita ilichangia, hilo halikanushwi. Lakini chanzo chenyewe ni kingine. Waliotoa mikataba waliwajibika kwa Washington, waliolipwa waliwajibika kwa wenye hisa wao, na hakuna aliyewajibika kwa mama wa Basra aliyekosa mafuta ya jiko. Aliyepoteza hakuwa na sauti ya kumwondoa aliyepoteza. Mamlaka ile ilipoondoka tarehe 28 Juni 2004, iliwaachia Wairaki serikali iliyozoea fedha isiyo na stakabadhi, na ubadhirifu uliofuata ukafanywa na Wairaki wenyewe.

Sheria ya mataifa ililijua jambo hili zamani. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zinasema kwamba dola inayoikalia nchi nyingine kwa nguvu ni msimamizi tu wa mali ya umma ya nchi hiyo: yaruhusiwa kutumia matunda, lakini ni lazima ilinde shina. Mfano wa hukumu upo hapa hapa Afrika ya Mashariki. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa dola mkaliaji katika Ituri, mashariki mwa Kongo. Mahakama haikuona ushahidi kwamba uporaji ulikuwa sera ya serikali ya Uganda, lakini iliona kwamba maafisa na askari wake walishiriki kupora maliasili na kwamba Uganda ilishindwa kuzuia. Tarehe 9 Februari 2022 iliamuru ilipe dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 ni kwa ajili ya maliasili. Kumbe mkaliaji si lazima awe Mzungu, na daftari laweza kufunguliwa hata baada ya miaka ishirini.

Sasa turudi Basotu. Hapa pana tofauti kubwa ambayo ni lazima itajwe kwa uaminifu. Wakanada hawakuja Hanang na vifaru. Walialikwa na Serikali ya Tanzania, kwa nia njema ya kuitosheleza nchi kwa ngano. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Kwa jumla yalifikia kiasi cha ekari 100,000. Yalilimwa kama zilimwavyo tambarare za Kanada: trekta kubwa, mashine za kupanda, mashine za kuvuna, na watu wachache juu yake. Ngano ilipatikana kwa wingi, na mikate iliokwa mijini.

Lakini ngano ile ilikuwa na mzizi wa dizeli. Trekta ilipolima, ilikunywa dizeli. Ilipopanda, ilikunywa dizeli. Ilipovuna, ilikunywa dizeli. Na lori lililobeba magunia likafanya vivyo hivyo. Mafuta hayo yote, pamoja na vipuri, yalinunuliwa kwa fedha za kigeni. Mpango ulipoanza, pipa la mafuta ghafi duniani halikufika dola 3. Kufikia mwanzo wa mwaka 1974 lilikaribia dola 12, na baada ya mapinduzi ya Irani ya mwaka 1979 likapita dola 30. Wazee waliokuwa kazini wakati huo wanakumbuka mgawo wa petroli na magari binafsi kuzuiwa Jumapili alasiri. Nchi iliagiza mafuta ili isiagize ngano. Swali la kiasi gani cha mafuta kwa kila gunia lilikuwa swali la mwenye nyumba, lakini kalamu ya mpango ilikuwa mkononi mwa mgeni, na msaada wake ulificha sehemu ya bei. Misaada ya Kanada ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei hiyo ilijitokeza. Mitambo iliharibika, vipuri vikawa adimu, uzalishaji ukaporomoka.

Liko na jambo la pili ambalo halikuandikwa katika daftari, nalo ni zito kuliko dizeli. Tambarare zile hazikuwa pori tupu. Wabarabaig waliziita muhajega, nazo zilikuwa malisho yao bora, yaliyotumiwa kwa zamu na kwa kanuni ili nyasi zipumzike. Watafiti walioupima mpango baadaye walionyesha kwamba hesabu za faida hazikuweka thamani yoyote kwa malisho hayo. Ardhi ilihesabiwa kama kitu cha bure. Njia za kwenda kwenye maji na chumvi zilizibwa, makaburi ya heshima ya wazee yakapitiwa na majembe ya trekta, na ng'ombe wakasukumwa kwenye ardhi duni. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikakubali rufaa ya shirika. Mwaka 1987 tangazo la Serikali likafuta haki za kimila katika baadhi ya vijiji vya wilaya hii. Miaka ya 1990 Serikali iliunda tume ya kuchunguza malalamiko ya haki za binadamu katika mashamba hayo, na baadaye sehemu ya ardhi ilirudishwa kwa wananchi.

Iraki ilikaliwa kwa mabavu. Hanang ilipokea msaada. Mambo hayo mawili si sawa, na asiyetaka kuona tofauti hiyo atapotosha wanafunzi wake. Lakini katika daftari yanafanana mahali pamoja. Iraki, mafuta yaliondoka bila mita. Basotu, malisho yaliondoka bila thamani. Pote pawili aliyehesabu hakuwa yule ambaye angelala njaa hesabu ikikosewa. Na hapa Hanang lawama haiwezi kumwangukia mgeni peke yake, kwa kuwa muhuri uliopigwa kwenye hati ulikuwa wa nchi hii.

Leo wilaya hii inakutana tena na mafuta. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na zaidi ya kilomita 1,100 zimo Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa tarehe 1 Februari 2022. Katika mgawanyo wa hisa, kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ina asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania 15, na kampuni ya China ya CNOOC 8. Ukilinganisha na mwaka 1925, hatua imepigwa: wenyeji wamo katika hesabu. Lakini asilimia 30 kwa nchi mbili haimlindi mtu yeyote kama hakuna anayesoma vitabu. Mita itasomwa na nani? Ardhi iliyopitiwa ilipimwa na nani, na ilithaminiwa kwa kipimo gani? Malisho ya zamu, njia ya mifugo na kaburi la mzee viliandikwa, au viliitwa tena pori tupu?

Maswali hayo hayahitaji mhandisi. Ofisa mtendaji wa kijiji anayeandika mihutasari ya mikutano kwa usahihi anayajibu. Ofisa ardhi anayekataa kutia saini ramani isiyoonyesha njia ya ng'ombe anayajibu. Mhasibu asiyelipa bila hati anayajibu. Na mwalimu wa darasa la sita anayewapa watoto hesabu ya 23.75 mara nne, kisha akawauliza ni nani aliyekosekana katika jumla hiyo, anayajibu kwa muda mrefu kuliko wote.

Mgeni ataendelea kuja, kwa kuwa nchi haiwezi kujifungia. Aje, na mwenyeji apone. Lakini siku anapokabidhiwa chumba, daftari la nyumba libaki mkononi mwa mwenye nyumba.